Wagonjwa wa Ng'ambo ya Kijito

Lugembe alifika kwa shemeji yake kabla jua halijachomoza vizuri. Alisimama mlangoni bila kupiga hodi, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwamshe."

Marcelina alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mwamshe umpeleke ng'ambo. Wenzake wote wameshavuka."

"Huyu akiamshwa ghafla anapiga. Jana amenipiga kwa mwiko huu huu. Ukitaka kumwamsha, ingia. Ni ndugu yako, mmezaliwa tumbo moja."

Lugembe hakuingia. Yeye alikuwa mwanangwa, msimamizi wa kambi kwa niaba ya mtemi. Siku ile mtemi alikuwa anakuja, na mtu anayejiandaa kumhudumia mtemi haingii nyumba yenye mgonjwa, wala hamgusi mgonjwa, hata kama mgonjwa huyo ni mdogo wake wa mwisho.

Kambi yenyewe ilikuwa porini upande wa Usinge, karibu na njia ya zamani ya misafara iliyokwenda Ujiji. Serikali ya Waingereza ndiyo iliyowakusanya watu pale, kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Waliambiwa hivi: acheni vijiji vyenu vilivyotawanyika, hamieni mahali pamoja, fyekeni pori, nasi tutawapa mganga na dawa. Wakahama kwa uchungu. Wakaacha makaburi ya wazee wao na mizinga ya nyuki ikining'inia mitini. Serikali nayo ikatimiza neno lake. Ikajenga zahanati ya udongo yenye paa la nyasi, ikaweka benchi refu la mninga barazani, ikamleta mganga, Dionis Masolwa, Mmoraviani kutoka Sikonge.

Dionis alikuwa mtu wa maneno machache. Siku za kwanza watu waligombana kila siku ya sindano, kila mmoja akidai nafasi, mpaka akaweka sheria moja tu: uliyemkuta kwenye benchi anakutangulia. Haidhuru ni nani. Sheria hiyo ilishika kuliko sheria nyingine zote za kambi.

Nikolaus, mume wa Marcelina, alikuwa fundi wa kuchonga mizinga. Malale yalipomshika alianza kusinzia tonge likiwa mkononi. Baadaye akasahau njia ya shambani, na mwisho akasahau jina la mke wake. Akawa anamwita "we mwanamke", kama anayeita mpita njia. Ndipo akaanza sindano. Mavuno yalipokwisha, jioni moja, alimtazama kutoka mkekani akasema, "Marcelina, moto unazimika." Marcelina akatoka nje, akapiga magoti nyuma ya nyumba, akalia mbele za Mungu wake. Tangu siku ile hakuomba kitu kingine. Aliomba sindano isikatike.

Na sasa ilitaka kukatika. Mwaka ule bei ya karanga na nta ilikuwa imeanguka, kodi haikusanyiki, na serikali ilikuwa inazunguka katika nchi ikiuliza kila zahanati inagharimu kiasi gani na inaponya nani. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja mwaka uliotangulia pamoja na mtemi, kwa sababu mshahara wa mganga ulitoka katika hazina ya mtemi. Lugembe akawaondoa wagonjwa wote, kama desturi inavyotaka, kwa maana mtemi hapaswi kumwona mgonjwa. Afya ya mtemi ndiyo afya ya nchi. Jicho lake likiangukia ugonjwa, mvua inashtuka. Bwana Shauri akakuta benchi tupu. Na leo, siku ya sindano, alikuwa anarudi kuamua.

"Mwaka jana alikuuliza wagonjwa wako wapi," alisema Marcelina, na sasa aligeuka. "Ulimjibu nini, shemeji? Nikumbushe."

"Nilimjibu kama anavyojibiwa mgeni. Nilisema hatujambo, sote wazima."

"Basi alikusikia. Anakuja kufunga zahanati ya watu wazima."

"Usinifanyie mzaha. Mtemi akimwona huyu wako anavyotokwa mate, mvua itatoka wapi? Unataka watoto wale majani?"

"Mwambie mtemi akae kwake."

"Nimwambie mimi?"

"Mdomo unao. Nausikia hapa tangu alfajiri."

Lugembe alimnyooshea fimbo. "Mvuke sasa hivi. Kama si hivyo nitaleta vijana wambebe kwa machela kama mzigo wa nta, nawe wakuburute nyuma yake."

Marcelina alimlisha mume wake uji, akampangusa kidevu, akamwegemeza begani, wakatoka. Njiani aliomba kimoyomoyo: Bwana Yesu, wewe uliwagusa wenye ukoma na hukujali nani anatazama. Mtazame huyu. Shemeji yangu mtazame pia, lakini baadaye.

Kijito kilikuwa mchanga mtupu, maana mvua zilikuwa hazijaanza. Ng'ambo, chini ya miti ya miombo isiyo na majani, wagonjwa walikuwa wameketi na kulala kama mizigo iliyotuliwa na wapagazi. Wengi walikuwa wa malale. Wengine walikuwa na vidonda, na homa, na magonjwa ya macho. Sikuzani, mwanamke wa makamo ambaye kidonda cha mguu kilimtesa mwaka wa pili, alikuwa amejitwalia kivuli kikubwa.

"Mke wa msinziaji huyo," alisema. "Mlaze kule. Akilala hapa atanikanyaga."

"Sikuzani, unajua kwa nini tuko huku?"

"Kwa sababu mtemi anakuja. Hilo nalo linahitaji mwalimu?"

"Bwana Shauri anakuja kutazama nani anatibiwa. Asipomwona mtu, anafunga. Twendeni tukakae kwenye benchi letu. Leo ni siku yetu."

Mzee mmoja wa malale alicheka mpaka akakohoa. Mwanamke mwenye mtoto aligeukia upande mwingine. Sikuzani hakucheka.

"Nenda wewe," alisema. "Shamba lenu limekuwa kichaka tangu mume wako alale, huna cha kupoteza. Mimi nina mtama wa kupanda. Mvua ikikosa, utatupikia hiyo rozari yako?"

"Zahanati ikifungwa, mguu huo utatibiwa wapi?"

"Mguu ni wangu. Mvua ni ya watu wote."

Marcelina alimlaza mume wake mbali kidogo. Alikaa chini akiwa na hasira, akaanza rozari, na kila alipofika kwenye "utuombee" aliona uso wa Lugembe. Gari likasikika likinguruma kwenye njia mpya, likanyamaza. Huko zahanati watu walipiga vigelegele vya kumpokea mtemi.

Nikolaus alifumbua macho. Alitazama miti, akatazama mikono yake, kisha akasema polepole, "Leo si siku ya sindano?"

Wote walimsikia. Mtu huyu alikuwa hajui mwezi wala mwaka.

"Ndiyo," alisema Marcelina. "Ni siku ya sindano."

"Mbona tuko huku, Marcelina?"

Akamwinua.

"Utatuletea njaa," Sikuzani alipiga kelele nyuma yake. "Nitakuja kulala mlangoni pako na njaa yangu, unasikia?"

Uwanja wa zahanati ulikuwa umefagiliwa, na mawe ya njia yamepakwa chokaa. Mtemi alikuwa ameketi kwenye kiti chake pembeni mwa baraza, wazee wake wakimzunguka. Bwana Shauri, kijana wa Kizungu mwenye shingo iliyoungua na jua, alikuwa amesimama mbele ya benchi tupu. Pembeni yake alisimama Abbasi, karani na mkalimani, mtu wa mjini Tabora, mwenye kanzu safi na tarbushi. Dionis alikuwa amesimama mbele yao kama mshtakiwa.

"Bwana anauliza," Abbasi alikuwa anasema, "karatasi zako kila mwezi zinasema watu wengi. Benchi linasema hakuna mtu. Dawa za serikali unamuuzia nani?"

"Simuuzii mtu," alisema Dionis.

"Basi wanaotibiwa wako wapi?"

Dionis alimtazama Lugembe, Lugembe akatazama mbali. Mshahara wa Dionis ulitoka mkononi mwa mtemi.

"Bwana karani," alisema Lugembe kwa sauti ya heshima, "hapa sote hatujambo. Tunashukuru."

Ndipo watu waliokuwa nyuma wakaanza kupeana nafasi, si kwa adabu bali kama watu wanaoona nyoka. Marcelina alipita katikati yao, Nikolaus akimwegemea, miguu yake ikiburura vumbi. Lugembe aliruka mbele na fimbo, kisha akasimama. Hakuweza kumgusa mgonjwa na mtemi yuko pale. Akamwambia kwa meno yaliyobanwa, "Rudi. Rudi, mchawi wewe."

"Niguse," alisema Marcelina.

Lugembe akarudi nyuma hatua kwa hatua, fimbo ikiwa juu, mpaka Marcelina akafika barazani akamkalisha mume wake kwenye benchi, nafasi ya kwanza. Wazee wa mtemi walikuwa wameshainua kitambaa cheusi mbele ya uso wa bwana wao. Kina mama waliinamisha vichwa.

"Mama," alisema Abbasi, "nani kakuita?"

"Siku ya sindano haina mwaliko, bwana karani."

Bwana Shauri aliuliza jambo. Abbasi akamgeukia Dionis. "Huyu amepewa dawa tangu lini?"

"Tangu kabla ya mavuno."

"Amepona?"

Wote walimtazama Nikolaus. Kutembea kulikuwa kumemmaliza. Kichwa kilikuwa kimeanguka kifuani, na mate yalikuwa yanamtoka. Bwana Shauri aliinama mbele yake akamuuliza kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Jina lako nani?" Nikolaus hakusema kitu. "Huyu mwanamke nani?" Nikolaus akafumba macho.

Bwana Shauri alinyooka, akaongea kwa muda. Abbasi aliyapokea maneno yale kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayekubali bei.

"Bwana anasema dawa hii inatoka Ulaya, na ni ghali kuliko dawa zote za zahanati. Amekuja kuona inafanya kazi gani. Ameona mgonjwa mmoja, na huyo mmoja hajapona. Anasema serikali haiwezi kumwaga fedha kwenye mchanga."

Marcelina alikuwa amemleta mume wake awe shahidi wake, na sasa shahidi yule alikuwa anawafungia watu wote mlango.

"Mwambie wengine wapo," alisema. "Wako ng'ambo ya kijito. Wamefichwa."

"Shemeji yangu ana huzuni, bwana karani," alisema Lugembe haraka. "Kulea mgonjwa kumemchosha kichwa."

"Wamefichwa na nani?" aliuliza Abbasi.

"Na heshima. Mtemi haruhusiwi kumwona mgonjwa, kwa hiyo kila mtemi akija wagonjwa tunafukuzwa kama mbuzi kwenye shamba la watu. Mwaka jana pia. Ninyi mnakuja kuhesabu wagonjwa mkiwa na mtu ambaye wagonjwa wanamkimbia. Muulize mwenyewe, yuko nyuma ya kitambaa hicho."

Abbasi hakutafsiri. Alikuwa mtu wa Tabora, alijua mtemi ni nani. Alitazama kivuli cha tarbushi yake chini.

Sauti ikatoka nyuma ya kitambaa, kwa Kinyamwezi, wala haikuwa ya hasira wala ya upole. "Lugembe. Waite."

"Mtemi, wewe uko hapa."

"Mimi naondoka. Nikishapita mti ule, waite."

Akasimama. Wazee walitembea ubavuni mwake wakishikilia kitambaa, naye akashuka kutoka barazani, akalipita gari la Bwana Shauri lililomleta, akashika njia ya nyumbani kwa miguu. Bwana Shauri alimwita. Mtemi hakugeuka. Uso wa kijana yule wa Kizungu ukawa mwekundu mpaka masikioni. Kwake yeye, mtu aliyempa kiti ndani ya gari lake alikuwa amempa mgongo mbele ya watu. Alimuuliza Abbasi, na Abbasi akajibu maneno machache sana. Watu wa kambi hawakumtazama Mzungu. Walimtazama mtemi wao akienda kwa miguu juani, kisha wote pamoja wakamtazama Marcelina.

Wagonjwa walikuja. Sikuzani alitangulia, akichechemea na kutukana kila jiwe la chokaa. Benchi lilijaa, kisha baraza, kisha uwanja. Waliokuwa hawawezi kutembea waliletwa kwa machela. Bwana Shauri alipita kati yao pamoja na Dionis, bado ana hasira, akionyeshwa shingo zilizovimba na vidonda vilivyoanza kufunga. Mwanamke mmoja alimwonyesha mtoto aliyekuwa ameletwa nusu mfu na sasa alikuwa anamnyang'anya mama yake ndizi. Bwana Shauri alimtazama mtoto yule kwa muda mrefu.

Alipomaliza alisema neno lake, na Abbasi akalitangaza.

"Zahanati itabaki."

Watu hawakushangilia. Walikuwa wanatazama mbingu nyeupe isiyo na wingu.

"Lakini," aliendelea Abbasi, "dawa ya malale watapewa wale ambao itawafaa. Ambaye ugonjwa umeshamla kichwa asipewe tena. Fedha ni kidogo." Hakumtaja mtu. Macho yake tu yalikwenda kwenye mwanzo wa benchi.

"Kuna siku anamwita mke wake kwa jina," alisema Dionis. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusema bila kuulizwa.

Abbasi alilipeleka neno hilo, akarudi na jibu. "Bwana anauliza, anaweza kulima?"

"Hapana."

"Kodi analipa?"

"Hapana."

"Basi."

Gari likaondoka. Lugembe alimpita Marcelina bila kumtazama. "Umefurahi?" alisema. "Umewaponya watu wote."

Mvua zilichelewa. Ulipita mwezi ambao kila mwaka watu huwa wameshapanda, na mchanga wa kijito ulibaki mchanga. Kisimani wanawake waliusogeza mtungi wa Marcelina nyuma, wakajaza yao, wakaondoka maji yakiwa tope. Walimwita "yule aliyemtembeza mtemi kwa miguu". Hakuna aliyeitikia salamu yake. Hata katekista alipokuja kutoka Kipalapala, Jumapili, aliona kwamba kwenye mkeka wa Marcelina hakuketi mtu mwingine. Lakini zahanati ilikuwa inajaa, na waliousogeza mtungi wake nyuma walikuwa wanafungwa vidonda pale kila asubuhi.

Nikolaus hakuchomwa tena. Jina la mke wake lilimtoka kwanza. Baadaye likamtoka neno la moto, kisha la maji, akawa ananyoosha kidole tu.

Kila siku ya sindano Marcelina alimwamsha gizani, akampangusa, akamkalisha kwenye benchi, nafasi ya kwanza, kabla mtu mwingine hajafika. Dionis alipotoka na sufuria yake ya sindano zilizochemshwa alisema, "Mama, unajua nilivyoamriwa."

"Najua. Tumekuja kukaa."

Dionis aliwaita waliofuata, akawaruka hao wawili. Marcelina alishika rozari mkononi. Ee Mungu, aliomba, mimi sina nguvu ya kumtoa hapa, na wao hawana haya ya kumfukuza. Utuweke hivi hivi mpaka useme neno. Mwisho wa kazi alimwinua mume wake, wakarudi nyumbani. Siku ya sindano iliyofuata, tena. Na iliyofuata.

Asubuhi moja Sikuzani alikuja akawakuta. Malale yalikuwa yamempata yeye naye. Dionis alikuwa ameona tezi iliyovimba shingoni mwake alipokuwa anamfunga mguu. Sikuzani alijibwaga karibu na Marcelina, akamsukuma kwa kiwiko. "Sogea. Unanibana."

Marcelina alisogea.

Dionis alitoka. Aliwatazama wawili wa kwanza, akawaruka kwa macho kama kawaida. "Sikuzani."

Sikuzani hakuinuka.

"Sikuzani, njoo."

"Nimemkuta mtu hapa."

"Usinitie matatani, mama. Bwana Shauri akisikia nafukuzwa mimi."

"Matata yako ni yako. Sheria ya benchi uliweka wewe, siyo Mzungu. Mimi mwanamke huyu simpendi, Mungu anajua. Mtama wangu wa kupanda bado umekaa kwenye kihenge kwa sababu yake. Lakini nilipofika niliwakuta."

Dionis alimgeukia mzee aliyefuata, yule aliyekuwa akicheka siku ile ng'ambo ya kijito. "Basi wewe, baba."

Mzee alimtazama Sikuzani, akatazama fimbo yake. "Mimi nimemkuta Sikuzani," alisema.

Aliyemfuata akasema amemkuta mzee. Mwenye mtoto alimhamisha mwanawe goti la kulia, akabaki amekaa. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Marcelina. Walikaa na nyuso zao zilizonuna, kama watu wanaongoja mdaiwa, na mvuke wa sufuria ukapanda mbele yao.

Dionis alisimama na sindano mkononi. Alitazama njia inayotoka Usinge, ambayo gari lilipitia. Kisha aliingia ndani, akatoka na chupa ya dawa, akapiga goti mbele ya Nikolaus.

"Shika mkono wake," alimwambia Marcelina, "asinipige."